Mzee Kuramochi Anaweka Msasa Chini

Tarehe 31 Machi mwaka huu, Bwana Kuramochi Yoshinobu, Mkuu wa Idara ya Uchakavu katika Karakana ya Omizu, hapa Katsushika, atastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba. Sherehe ya kumuaga itafanyika katika bwalo la chakula mara tu kazi itakapokwisha. Wafanyakazi wanaombwa wasimkaribie wakiwa wamevaa nguo mpya.

Ombi hilo la mwisho si utani wa mwandishi. Limeingizwa kwa agizo la Mkurugenzi, Bwana Tokunaga, ambaye ana sababu zake. Sababu hizo zitaelezwa hapa chini kwa kadiri alivyoruhusu.

Kwa faida ya wageni watakaosoma programu hii ya sherehe, karakana yetu hutengeneza na kukarabati bunduki za mchezo, zile zinazorusha gololi ndogo za plastiki, pamoja na fulana, vifuko na mikanda yake. Bunduki hizi hutoka kiwandani zikiwa nyeusi, safi, hazina hata alama ya kidole. Wachezaji wengi hawazipendi hivyo. Mtu aliyelala kifudifudi kwenye matope ya Chiba Jumapili nzima, akimvizia mhasibu wa kampuni jirani, hataki kushika kitu kinachong'aa kama sufuria ya harusini. Anataka kitu kilichoona mengi. Kukifanya kitu kionekane kimeona mengi, ilhali hakijawahi kutoka mezani, ndiyo kazi ya Idara ya Uchakavu, na idara hiyo ni Bwana Kuramochi.

Alipoajiriwa hakuwa mchakazaji. Alikuwa mpiga rangi, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna bunduki inayotoka mlangoni ikiwa na mkwaruzo. Inasemekana alikuwa mkali sana kuhusu mikwaruzo. Siku moja mteja mmoja akaomba bunduki yake ifanywe ionekane ya zamani, mafundi wote wakakataa, na Bwana Kuramochi akaichukua kwa sababu alikuwa mgeni na hakujua kwamba ana haki ya kukataa. Aliifunga kwa kamba nyuma ya baiskeli, akaiburuta kwenye tuta la mto Naka kutoka daraja hadi daraja. Askari polisi alimsimamisha.

"Unaburuta nini hicho?"

"Kazi ya ofisi, afande."

"Ofisi gani hiyo inayoburutwa?"

Ilibidi Mkurugenzi wa wakati ule, baba yake Bwana Tokunaga, aende kituoni kumtoa. Bunduki nayo ilionekana kama kitu kilichoburutwa nyuma ya baiskeli, wala haikufanana na kitu kingine chochote. Mteja aliikataa. Ndipo Bwana Kuramochi alipotunga kanuni ambayo baadaye aliibandika ukutani, na ambayo kila aliyepita chini ya mkono wake aliisoma kila asubuhi: Mkwaruzo usio na sababu ni uchafu.

Tangu hapo alijifunza sababu. Alikwenda viwanjani kila mwisho wa wiki, asicheze, akitazama tu mikono ya watu: wapi wanashika, wapi mkanda unasugua, wapi bunduki inagonga mlango wa gari wakati wa kupakia. Alijua kumenya rangi kingoni kwa kipande cha sponji, kutia mng'ao wa chuma kwa unga wa penseli, kunyunyiza chumvi chini ya rangi ili ibanduke yenyewe. Fulana na vifuko alivichovya kwenye chai nzito. Kwa miaka kadhaa alivichovya katika mtungi wa chai wa bwalo la chakula, na wafanyakazi wa zamani wanaulinda ukweli huu kama siri ya ukoo: ile ladha ya turubai waliyoizoea haikutoka kwenye majani ya chai.

Jambo la birika lazima litajwe, ingawa kila mtu analisimulia kwa namna yake. Ofisi ya Ugavi ilinunua birika jipya. Siku iliyofuata lilikuwa limeota kutu mdomoni. Likanunuliwa la pili, likaota kutu. La tatu lilipoota kutu, Ofisi ya Ugavi ilikwisha kuandaa malalamiko makali kwa watengenezaji, na ndipo Bwana Kuramochi alipopita, akaifuta ile kutu kwa kidole kilicholowa mate, akajimiminia chai, akaenda zake. Mabirika yote matatu bado yanatumika.

Ama mkoba wa Mkurugenzi, ruhusa iliyotolewa ni ya sentensi mbili. Ulikuwa mkoba mpya wa ngozi, uliachwa kwenye meza isiyofaa wakati wa chakula cha mchana, na saa nane ukaonekana kama umerithiwa kwa babu. Kwenye maonyesho ya Shizuoka wanunuzi watatu walimwambia Mkurugenzi kwamba wanaiamini kampuni yenye historia ndefu kama ile, na Mkurugenzi hakuwasahihisha.

Tuzo zake ziko kwenye kabati la mapokezi na hazihitaji kuhesabiwa hapa. Zile zinazoonekana zimepauka hazijapauka. Ni yeye.

Sasa ni lazima kusimulia habari ya bunduki ya marehemu Isozaki. Mwandishi alipendekeza iachwe. Bwana Kuramochi mwenyewe alisema kwamba ikiachwa, hahudhurii sherehe.

Mnamo Januari tuliletewa kutoka Inzai bunduki iliyokuwa haifyatui. Mwenyewe, Bibi Isozaki Fumie, aliomba kitu kimoja tu: gia zitengenezwe. Bibi Nawata Shizue, fundi wetu wa gia, alizitengeneza siku hiyohiyo na kuiweka bunduki kwenye rafu ya vitu vilivyo tayari. Bwana Kuramochi alikuwa akipita na bilauri yake ya chai. Alisimama.

"Nani kafanya upuuzi huu?"

"Imekuja hivyohivyo, Mzee," alisema Bibi Nawata.

"Haiwezekani. Tazama. Kitako kimeliwa hapa chini, pembeni, mahali pasipofika mkono wala bega. Mdomo wa mtutu umepondeka kama umetumika kutwangia. Halafu ubavu huu wa kushoto! Sehemu ya ukubwa wa ukucha inang'aa kama kichwa cha..." Hapa alimtaja mtu ambaye mwandishi ameona vema asimtaje. "Nimeona waongo katika kazi hii, Shizue, lakini huyu hana haya. Kakwaruza popote alipopaona."

"Mteja kaomba gia tu."

"Gia ni zako. Aibu ni yangu. Hii ikitoka mlangoni kwetu, watu watasema ni mkono wa Kuramochi."

"Watasema ni bunduki ya mtu, Mzee. Iache."

Hakuiacha. Aliimenya yote, akaipaka upya, kisha akaichakaza kwa kanuni zote anazozijua, bila kutoza chochote. Walioiona wanasema ilikuwa kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya. Ungeapa kwamba imevuka milima miwili na mvua za mwezi mzima. Idara zote zilikuja kuitazama, na watu walipiga makofi. Ilifungwa ikapelekwa Inzai.

Simu ilipigwa kesho yake. Ofisi iliipokea.

"Mmeniletea bunduki ya mtu mwingine," alisema Bibi Isozaki.

Alielezwa kwa heshima kwamba namba iliyopigwa kwenye chuma inalingana na ile aliyoileta.

"Namba sina ugomvi nayo. Nauliza mikwaruzo iko wapi."

Alielezwa, kwa heshima zaidi, kwamba ile mikwaruzo ya awali haikuwa ya kiwango kizuri, na kwamba Mkuu wa Idara ameirekebisha bila malipo. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Ile haikuchorwa na fundi, mwanangu. Ni mzee wangu aliyeichakaza, kwa mikono yake, mpaka mwezi aliokufa. Basi mmemfuta."

Ofisi ilimpelekea Mkurugenzi simu.

Mkurugenzi alikuwa tayari kumpa bunduki mpya. Bibi Isozaki alijibu kwamba mpya ameshaletewa. Bwana Kuramochi alipopewa habari alikaa, jambo ambalo hulifanya kwa nadra saa za kazi, akaitazama mikono yake kana kwamba ameiazima. Kisha akatangaza kwamba hatastaafu mpaka alama za marehemu zirudi mahali pake.

"Machi ni Machi," alisema Mkurugenzi.

"Basi nitazirudisha kabla ya Machi kwisha. Nikishindwa, msinifanyie sherehe. Mtu aliyefuta mume wa mtu hapigiwi makofi."

Alhamisi iliyofuata alipanda treni kwenda Inzai akiwa na suti yake nyeusi na kisanduku cha keki nzito ya maharage, ile ambayo hununuliwa na watu wenye makosa. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Bibi Isozaki alimwacha hapo kwa muda, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye kwa furaha, akaifungua keki, akakata vipande, akaonja.

"Keki nzuri. Inuka, utaota kwenye mkeka wangu."

Bwana Kuramochi alimwomba amweleze kila alama ilitoka wapi. Naye akamweleza. Marehemu Isozaki Kanji aliwahi kuwa mchezaji wa timu ya Bata wa Inzai, lakini miaka yake ya mwisho miguu ilikataa, akawa anakaa barazani na bunduki yake mapajani. Ule upande wa chini wa kitako uliliwa kwa sababu kila asubuhi aliutumia kusukuma mlango wa mbao wa nje, ambao hukwama. Mdomo wa mtutu ulipondeka kwa kugonga sakafu: ngo, ngo, ngo, maana yake leta chai.

"Na ubavu wa kushoto, Mama?"

"Kidole gumba. Alikuwa anatazama besiboli. Timu yake ikifungwa, anasugua. Na timu yake hiyo, Fundi, haikuwa na kazi nyingine."

Bwana Kuramochi aliporudi na bunduki ile alikwenda moja kwa moja ukutani kwake na kuibandua ile kanuni. Bibi Nawata, aliyekuwepo, anasema kila alama kwenye ile bunduki ilikuwa na sababu kuliko zote alizowahi kuchora Mzee, ila sababu zenyewe zilikuwa za chai na mlango.

Aliichukua bunduki, akaanza. Alhamisi ya kwanza aliipeleka imekamilika, kitako kimeliwa, mtutu umepondwa, ubavu unang'aa. Bibi Isozaki alifumba macho, akaipitishia vidole polepole.

"Hapana. Huyu ni mtu anayemwigiza mzee wangu. Tena amejiandaa."

Akaipaka tena, akaanza upya. Alhamisi ya pili: "Hapa umebonyeza mno. Una hasira na nani? Mzee wangu alikuwa mvivu, hata mlango aliusukuma kivivu." Ya tatu alijitahidi kuwa mvivu, na matokeo yake, kwa maneno ya Bibi Isozaki, yalikuwa uvivu wa mtu mwenye bidii. Kila safari aliirudisha bunduki ndani ya begi refu, akisimama kwenye treni ya Hokuso na sura ya mwanafunzi aliyerudishwa nyumbani.

Karakana haikumwonea huruma. Hilo mwandishi anaweza kulithibitisha.

"Leo umevaa tai ya rangi, Mzee," Bibi Nawata alimwambia Alhamisi ya nne. "Bibi anakukataa kila wiki na bado unarudi. Kwetu hiyo ina jina."

"Fanya gia zako."

"Nafanya. Nauliza tu kama kadi za mwaliko tuchapishe mpya au utazichakaza mwenyewe."

Siku zilikuwa zinakwisha. Bwalo lilikwisha kuandaliwa orodha ya vyakula, na mwandaaji wa sherehe alikuwa akiwaambia watu waje kabla hajajua kama kutakuwa na sherehe. Wiki ya tatu ya Machi, Bwana Kuramochi alikuwa mezani kwake, rangi imekauka kwenye brashi, bunduki mbele yake ikiwa nyeusi tupu kama ilivyozaliwa. Alikuwa ameipaka na kuishiwa mbinu. Ndipo Bibi Isozaki alipoingia karakanani, na mwavuli mkononi, bila miadi.

"Nimechoka kukukatia keki. Ondoka kwenye kiti."

Aliondoka. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo.

"Nipe msasa."

"Mama, huo ni wa chembe kubwa, utaharibu."

"Kwani wewe ulitengeneza?"

Alianza kusugua. Hakupima, hakuchora mstari, hakutazama mwanga unatoka upande gani. Alisugua huku akigomba. "Hapa nilimwambia ataung'oa mlango. Akasema mlango ni wake. Hapa pia. Na hapa, siku ile ya tufani, nikamwambia Kanji, weka chini hiyo takataka uje ule." Alikuwa anaijua kila alama kwa sababu kila moja iliwahi kumgombanisha na mumewe. Kisha akasimama, akaishika bunduki wima, akagonga mdomo wake sakafuni kwa nguvu: ngo, ngo, ngo.

Bibi Nawata, ambaye chumba chake kiko ghorofa ya chini ya hapo, alipanda mbio.

"Mmeita?"

"Ndiyo," alisema Bibi Isozaki. "Chai."

Ikaletwa. Wakati anakunywa, mkono wa Bwana Kuramochi uliponyoka. Hatuna neno jingine. Ulinyoosha kidole chenye unga wa penseli kuelekea ukingo mmoja uliokuwa umekatika vibaya, ili aulainishe kidogo tu. Bibi Isozaki aliupiga kofi lililosikika mpaka stoo. Idara nzima ilitazama chini, kila mtu akatafuta kazi ya kufanya.

Alipomaliza, alifumba macho, akaipitishia vidole kama siku zote. Bwana Kuramochi alisimama mbele yake kwa mikono miwili pembeni, na waliomwona wanasema hata siku ya tuzo ya Shizuoka hakusimama vile.

"Si ile," alisema Bibi Isozaki. "Ile imekwenda, tusidanganyane. Lakini hii naweza kugombana nayo."

Kwa utaratibu wetu, hakuna kitu kinachotoka Idara ya Uchakavu bila muhuri wa Mkuu wa Idara. Kwa vigezo alivyoviweka mwenyewe, na ambavyo kwavyo amewarudishia kazi wafanyakazi wote waliopo leo, wengine wakilia, kitako kile hakikustahili hata kuwekwa rafuni. Bwana Kuramochi aliutoa muhuri mfukoni, akaupuliza, akaugonga. Kisha akainama, na safari hii Bibi Isozaki naye aliinama.

Kumbe alikuwa bado hajamaliza naye.

"Ubavu wa kushoto sijaugusa," alisema, akivaa koti. "Ule haufanywi kwa msasa. Unataka kidole gumba na msimu mzima wa besiboli. Mimi besiboli siipendi, inanichosha. Wewe uliyemfuta utakuja kukaa barazani, Alhamisi na Jumapili, mpaka pang'ae. Unga wa penseli nikiuona nyumbani kwangu, nakurudisha na treni ileile."

"Msimu unaisha Oktoba, Mama."

"Basi Oktoba tutatazama. Kama hapajang'aa, kuna mwaka ujao."

Mkurugenzi aliuliza kama hayo ni masharti rasmi, na kama karakana inapaswa kuyaweka kwenye jalada. Bwana Kuramochi alimjibu kwamba yeye anastaafu, hivyo jalada si lake, na akaenda kunawa mikono. Alinawa mpaka rangi ikatoka chini ya kucha. Watu waliofanya naye kazi tangu mwanzo hawakuwahi kujua kwamba kucha zake ni nyeupe.

Sherehe, kwa hiyo, ipo. Wote mnakaribishwa. Bibi Isozaki atahudhuria na ameomba akae mahali anapoweza kumwona anayeagwa.

Mzee Kuramochi, kwa niaba ya Mkurugenzi na wafanyakazi wote wa Karakana ya Omizu, na kwa hofu ambayo wengine wetu hatujaimaliza mbele yako, tunakushukuru kwa kazi yako, kwa ukali wako, na hata kwa ile chai. Nenda salama upumzike barazani Inzai. Tunakuombea afya njema, kidole gumba chenye nguvu, na timu inayofungwa kila mechi mpaka Oktoba.